Kisa cha stationeri moja Mbeya: kupiga Linux kwa watu ambao hawataki kujua Linux ni nini

Kisa hiki kimetokea Mbeya mjini. Nimeondoa majina, jina la duka na mtaa, na vitu vichache vidogo nimevigeuza ili watu wasijulikane, ila mtiririko wa mambo ni uleule. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ila wa bure, na kuupiga ni kuuweka kwenye mashine. Nakiandika kwa ajili ya mafundi kompyuta wenzangu, wanafunzi wa IT na yeyote aliyewahi kumwambia ndugu yake "piga Linux tu, ni rahisi" afu wiki haijaisha yule ndugu kashatafuta fundi mwingine amrudishie window yake.

## Duka na mashine zake

Ni stationeri kama zilivyo nyingi ukishuka Kabwe kuelekea Mwanjelwa. Mwenye duka ni mama wa makamo, mtu wa Rungwe, na ana wadada wawili wanaomsaidia. Mmoja yupo pale muda mrefu na ndiye anayejua kila kitu cha duka, mwingine alikuwa bado mgeni. Kazi zao ni kutoa kopi, kuchapa barua, kuprinti mitihani ya shule za jirani, picha za paspoti, kadi za michango ya harusi na sendoff, na kuwajazia watu fomu za mtandaoni: mikopo ya chuo ya HESLB, Ajira Portal, TIN, usajili wa majina ya biashara BRELA. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka hapo dukani hapakaliki, foleni inafika barabarani.

Mashine zilikuwa nne. Deskitopu tatu ni Dell OptiPlex za mtumba zenye prosesa ya Intel kizazi cha nne, RAM 4 GB na hadidiski ya kizamani ya kuzunguka, ya nne ni laptopu ya HP ambayo mama alikuwa anaibeba nyumbani jioni. Zote zilikuwa na Windows 10 ya kukrak. Kila baada ya muda zinajaa virusi, hasa vile vinavyogeuza mafaili ya kwenye flashi ya mteja kuwa shortcut, mteja anafungua flashi yake anakuta vialama vya mshale tu, anaanza kulia kwamba kazi yake ya field imepotea. Fundi wa jirani anaitwa, anapiga window upya, anachukua elfu ishirini yake, na mchezo unaanza tena.

Halafu Microsoft wakasitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, yani hakuna tena apdeti za usalama za bure kama zamani. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, kwahiyo OptiPlex zile hazimo kwenye hesabu. Ziko njia za kuilazimisha iingie, ila kwenye mashine ya 4 GB na hadidiski ile ungepata duka ambalo linachelewa kuwaka kuliko mteja anavyoweza kusubiri.

## Mama alichotaka

Tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja anayesoma chuo hapahapa Mbeya. Tulipomweleza mama kuhusu Linux hakuuliza ni ya nani wala bure maana yake nini. Alisema hivi: "Mwanangu, mimi nataka iwake asubuhi, dada aprinti, mteja aondoke. Hayo mengine ni ya kwenu."

Naiweka kauli hiyo hapa kwa sababu ndiyo kipimo tulichotumia mpaka mwisho. Habari za programu huria na nani alianzisha nini mwaka 1991 nazipenda sana mimi mwenyewe, ila mama hakuwa na shida nazo, na mtu asiye fundi hana deni la kuzipenda.

## Tulimwachia dada apige mwenyewe, sisi tukaangalia

Kabla ya kugusa mashine ya duka tulitaka kuona mtu asiye fundi anakwama wapi hasa. Watu wa Linux tumezoea kubishana kuhusu toleo lipi la Linux ni rahisi, Mint au Ubuntu au Zorin, lakini ni wachache waliowahi kukaa kimya nyuma ya mtu anayeipiga kwa mara ya kwanza. Tukachukua OptiPlex yetu ya kufanyia majaribio, tukampa dada wa duka flashi yenye Linux Mint 22 ya Xfce, ile nyepesi, na karatasi moja ya maelekezo. Masharti yalikuwa: sisi hatusemi kitu mpaka atuite.

Kukwama kwa kwanza kulikuja kabla hata ya Linux yenyewe. Karatasi inasema bonyeza F12 mashine ikiwaka. Akawasha, akatafuta F12 kwenye kibodi, alipoiona logo ya Dell imeshapita na Windows inafunguka. Akazima, akarudia, hivyohivyo. Kumbuka karatasi ilikuwa sahihi kabisa, kila kilichoandikwa kilikuwa kweli, ila ilikuwa inamtaka awahi kitu cha sekunde mbili ambacho hajawahi kukiona. Kwenye mashine zilizopigwa kwa mfumo wa UEFI (namna mpya ya mashine kuwaka) kuna njia ya utulivu zaidi: ndani ya Windows unashikilia Shift huku unabonyeza Restart, inakuja menyu ya bluu unachagua kutumia kifaa kingine, ndipo unaiona flashi. Lakini mashine nyingi za mtumba zimepigwa Windows kwa mtindo wa zamani wa Legacy, na hapo hilo chaguo halitokei kabisa.

Akafanikiwa kuingia. Lugha akachagua Kiingereza, kibodi akaiacha ilivyo, vizuri. Ikaja ile ya kodeki za muziki na video, na kwa kuwa mashine ile ilikuwa na Secure Boot (kinga inayokagua programu mashine inapowaka) imewashwa ikamwomba atunge paswedi. Akauliza, "Kaka, hii ni paswedi ya nini, ya kompyuta au ya Gmail?" Swali zuri kabisa. Ni paswedi ya kutumika mara moja tu, mashine ikiwaka upya unaletewa skrini ya bluu inayokuuliza kama unakubali drayva za nje (programu zinazoendesha vifaa) zisajiliwe, na ukiipita bila kujibu drayva hizo hazitafanya kazi na wala hakuna atakayekwambia kwa nini. Hapo sasa mtu atajulia wapi?

Pazito palikuwa mbele zaidi. Skrini ikamletea machaguo ya wapi Linux ikae: "Install alongside", "Erase disk and install Linux Mint", "Something else". Dada akaweka mikono chini ya meza. Akasema hawezi kubonyeza neno erase kwenye kompyuta ya mtu, hata kama tumemwambia ni ya majaribio. Akajaribu ile ya tatu akadhani ni ya tahadhari zaidi, akakutana na jedwali lenye sda, sda1, sda2, ext4, na hapo akatuita.

Sisi tulimwona yuko sahihi. Mtu anayekataa kubonyeza "futa" asipojua kitakachofutwa ni mtu makini, na tatizo lilikuwa kwamba swali limeletwa kwa mtu ambaye hana namna ya kulijibu. Programu yenyewe ya kupiga ni nzuri, tangu Ubuntu 6.06 mwaka 2006 tuna mfumo unaoupiga ukiwa umeshauwasha na kuuona, mausi na vitufe, hakuna skrini nyeusi. Ubuntu 8.04 mwaka 2008 ikaja hata na Wubi, unaipiga Linux ndani ya Windows kama programu nyingine na ukichoka unaiondoa, baadaye ikaachwa. Kazi ya kurahisisha imefanyika miaka mingi. Ila maswali yaliyobaki ni yaleyale matatu: nawashaje kwenye flashi, nini kitafutwa, na hizi paswedi ni za nini.

## Tulichoamua na kwa nini

Uamuzi mkubwa ulikuwa huu: swali ambalo mtu wa duka hawezi kulijibu lisimfikie kabisa. Tusimfundishe kulijibu, tusimwandikie karatasi ndefu, tuliondoe.

Swali la kufuta tuliliondoa kwa bisibisi. Tulimshauri mama anunue SSD (diski za kisasa zisizozunguka) za 240 GB kwa mashine zote nne, tukachomoa hadidiski za zamani, kila moja tukaibandika karatasi yenye namba ya mashine na tarehe, zikaingia kwenye droo ya mama, naye akafunga na ufunguo wake. Sasa "Erase disk" haina cha kufuta, diski ni mpya na tupu. Likitokea lolote unarudishia hadidiski ya zamani, kompyuta inawaka na Windows yake vilevile ilivyokuwa jana. Mama aliyekuwa anasitasita alikubali palepale aliposikia hilo. Na niseme wazi, sehemu kubwa ya kasi iliyoonekana baadaye ilitokana na SSD, mtu asije akaipa Linux sifa zote. Ungeiweka SSD hiyo hata kwenye Windows 10 ungeona tofauti.

Swali la F12 na mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) tulilichukua wenyewe, na tulipofungua mashine tukakuta betri ndogo za CR2032 kwenye mazabodi mbili zimekufa. Hii ni habari ndogo yenye madhara makubwa huku kwetu ambako umeme unakatika: betri ikifa, umeme ukikatika tu BIOS inasahau kila kitu, tarehe inarudi miaka ya nyuma, mpangilio wa kuwaka unabadilika, na brauza inaanza kugoma kufungua tovuti za serikali kwa sababu saa ya mashine haiendani na vyeti vya usalama vya tovuti. Mteja ataona "Linux mbovu, haifungui HESLB". Tulizibadilisha betri za deskitopu zote tatu.

Maswali ya jina, paswedi na nani mwenye mashine tuliyaachia mama na dada, kwa sababu hayo ndiyo wanayoweza kuyajibu. Kwa hili tulitumia kitu ambacho Mint inacho na watu wengi hawakijui: kwenye menyu ya kwanza kabisa ya flashi kuna "OEM install". Ni kwa ajili ya wauza kompyuta. Fundi anapiga mfumo, anaingia kwa akaunti ya muda, anaweka programu na drayva zote zinazotakiwa, akimaliza anabonyeza alama iliyoko kwenye deskitopu ya kuiandaa kwa mteja, anazima. Mwenye mashine akiiwasha anaulizwa lugha, kibodi, mahali alipo, jina na paswedi yake, basi. Ni kama kununua simu mpya dukani, hakuna anayekuuliza Android ikae kwenye sehemu gani ya memori.

Uamuzi wa tatu ni kwamba tusihamishe kila kitu. Kadi za harusi duka lile linatengeneza kwa Publisher na Photoshop, wana templeti za miaka wamezilipia jasho. LibreOffice Draw, ya kwenye LibreOffice ambayo ni ofisi ya bure ya Linux, inafungua mafaili ya Publisher ila maandishi yanahama na urembo unavurugika, na kumwambia dada ajifunze GIMP, programu ya picha ya Linux, katikati ya msimu wa ndoa ni kumkosea. Kwahiyo OptiPlex mbili na laptopu zihamie Linux, OptiPlex ya tatu ibaki na Windows 10, iwekewe SSD kwa kuhamishiwa diski yake kama ilivyo, ichomolewe intaneti kabisa, na flashi za wateja zisiingie humo mpaka zimepitia mashine ya Linux kwanza.

## Maandalizi kabla ya kuzirudisha dukani

Hapa ndipo kazi ya kweli ilipo na ndipo nitakaa kidogo.

Kwanza apdeti. Faili la Mint lenyewe ni karibu 3 GB, na ukishapiga kuna apdeti za mamia ya megabaiti. Mtu anayetumia bando la simu ukimwachia mzigo huo umemkomesha. Tulifanya kila kitu kwenye intaneti ya uhakika kabla mashine hazijarudi, na tukaepuka kujaza programu za Flatpak bila sababu, kwa kuwa moja tu inaweza kukuvutia mafaili makubwa ya kuisaidia.

Pili fonti. Mitihani ya shule inaletwa kwenye Word, imeandikwa kwa Times New Roman au Calibri. Linux haiji nazo. Mtihani uliokaa kurasa mbili kwa mwalimu ukifunguka kwako unaweza kumwaga mistari mitatu kwenye ukurasa wa tatu, na ukiprinti nakala za darasa zima hiyo ni karatasi ya mama imekwenda. Times New Roman na Arial zinapatikana kupitia kifurushi cha fonti za Microsoft, ila kinakuja na skrini ya kukubali masharti ambayo mausi haifanyi kazi, lazima ubonyeze Tab afu Enter. Sehemu nyingine hiyo ambayo mtu wa kawaida angekufa nayo. Kwa Calibri tuliweka Carlito, ambayo herufi zake zina vipimo vilevile kwahiyo mistari inakatikia palepale, na kwa Cambria ipo Caladea.

Tatu karatasi. Ukichagua Kiingereza cha Marekani LibreOffice inaweza kukuwekea Letter badala ya A4. Letter ni milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297, tofauti unaiona kwenye pambizo za karatasi chini na pembeni, na printa nyingine inagoma kabisa ikisubiri uweke Letter ambayo Mbeya nzima hakuna anayeiuza. Tuliweka A4 kama chaguo la msingi kwenye LibreOffice na kwenye kila printa.

Nne printa zenyewe. Epson ya tanki ilikubali bila shida, drayva yake ipo kwenye ghala la programu la Mint. HP LaserJet P1102 ndiyo ilihitaji kazi: mfumo unaitambua, jina linatokea, unaprinti, hakitoki kitu. Inahitaji nyongeza ya HPLIP, programu ya printa za HP kwenye Linux, ambayo inadaunlodiwa pembeni na lazima mtu akubali masharti yake. Ndiyo maana tuliomba printa zije pamoja na kompyuta, kila moja tukaiprintia karatasi ya kweli kabla ya kusema imekubali.

Tano ni Kiswahili. Tuliweka kamusi ya kusahihisha maneno ya Kiswahili, kifurushi chake kinaitwa hunspell-sw, ili barua za vikao na mihtasari isijae mistari myekundu. Huku kwetu hii kazi ina historia: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, mwaka 2004. Inaniuma kwamba vijana wengi wa IT ninaokutana nao hawajawahi kuisikia.

Mwisho tuliwasha Timeshift, ile inayohifadhi hali ya mfumo ili kikiharibika kitu urudi nyuma, na tukapanga alama tano tu kwenye deskitopu: Chapa, Mtandao, Skana, Flashi na Picha. Majina tuliandika kwa Kiswahili cha dukani. Dada hana haja ya kujua kwamba Chapa ni LibreOffice Writer.

## Siku ya kurudisha na wiki zilizofuata

Asubuhi tulizipanga, tukampisha mama akae. Akawasha mashine ya kwanza, ikamuuliza lugha, mahali, jina. Akaandika jina lake, akatunga paswedi, akaiandika kwenye daftari la mauzo kwa kalamu nyekundu. Ikafunguka. Akasema, "Kumbe ndiyo hii?" afu akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri kopi ya kitambulisho. Dada akafanya ya pili bila sisi kusogea.

Wiki ya kwanza simu zilikuwa nyingi, na karibu zote zilihusu kitu kimoja: faili limehifadhiwa wapi. Wamezoea "Drive D". Kwenye Linux hakuna D, na folda ya Documents hawakuwa na mazoea nayo kabisa. Tukaweka folda moja kubwa kwenye deskitopu inaitwa KAZI ZA WATEJA, na simu zikapungua sana.

Suala la flashi zenye virusi lilileta furaha ambayo hata hatukuwa tumeipigia debe. Mteja analeta flashi imejaa shortcut, dada anaichomeka kwenye Linux, anaona kila kitu: zile shortcut ambazo huku hazifanyi lolote, na pembeni yake mafaili halisi ambayo kirusi kilikuwa kimeyafanya yasionekane kwenye Windows. Linux haizingatii ile alama ya kuficha ya Windows kwenye flashi, kwahiyo yanaonekana tu. Anayakopi, anaifomati flashi, anayarudisha. Ndani ya muda mfupi wanafunzi wakaanza kuja dukani kwa ajili hiyo tu na mama akaipangia bei.

Laptopu ndiyo ilisumbua. Waifai yake ni ya Broadcom na drayva yake haiwi tayari mara ya kwanza. Tulitumia simu kwa waya wa USB kupeleka intaneti, ambayo Linux inaikubali bila kuweka kitu, tukaivuta drayva, waifai ikawaka. Lakini laptopu ile nyumbani inatumiwa na kijana wa mama ambaye anasomea uhasibu na chuoni wanafundishwa kwa programu ya hesabu inayotaka Windows. Baada ya mwezi hivi mama akatupigia kwa upole, akaomba irudishwe. Tuliirudisha. Hadidiski yake ya zamani ilikuwepo, ikawa kazi ya muda mfupi.

## Matokeo

OptiPlex mbili za Linux bado zinafanya kazi na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi za duka, fomu zote za mtandaoni zinafanyikia humo kwa sababu mifumo ile ni ya kwenye brauza. Fundi wa kupiga window hajaitwa kwa mashine hizo tangu hapo. Ile ya kadi za harusi ipo na Windows 10 yake bila intaneti. Laptopu imerudi Windows.

Na dada wa duka akapiga Linux kwa mwenye stationeri wa jirani. Alikuja kuomba flashi na orodha yetu ya maandalizi, akaenda, akafanya kwa SSD mpya kama alivyoona. Alikwama kwenye mashine moja tu, laptopu ya kisasa kidogo, akanitumia picha WhatsApp: skrini inasema kuna BitLocker (kufuli la diski la Windows) na haiwezi kuendelea. Nikamwambia aache hivyohivyo, asiguse. Mashine ya kisasa yenye Windows halali, yenye diski iliyofungwa kwa ufunguo ambao mwenyewe hajui uko wapi, haina sababu ya kuharakishwa. Akamwambia mwenye nayo hivyo na akaifunga.

## Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni zile SSD na droo ya mama. Hofu ya mtu asiye fundi mara nyingi haihusu Linux, inahusu kazi zake kupotea, na hofu hiyo ina msingi. Miongozo mingi inaiponya kwa sentensi moja, "hakikisha umehifadhi nakala ya mafaili yako", ambayo kwa mtu wa stationeri ni sawa na kumwambia ajitibu. Diski ya zamani ikiwa salama mkononi mwake, hata kukubali kujaribu kunakuwa kwepesi na kurudi nyuma hakuna aibu. Ile laptopu ilirudi Windows bila ugomvi wala lawama, na mama hakuichukia Linux kwa ajili yake.

Cha pili ni OEM. Ningependa kila fundi wa Mbeya, Iringa na Njombe aijue, maana inagawa kazi inavyotakiwa: mwenye ujuzi anajibu maswali ya ujuzi, mwenye mashine anajibu kuhusu yeye mwenyewe. Kwa anayepiga mashine nyingi, Ubuntu ya deskitopu kuanzia 24.04 inakubali faili la autoinstall lenye majibu yote ndani, na kwa sehemu zisizo na intaneti kabisa ipo Endless OS ambayo toleo lake kubwa linakuja limejaa programu na masomo ya kusoma bila mtandao. Kwa shule ya kata kule Makete au Ludewa ningeanzia hapo.

Kilichogoma ni laptopu, na sababu yake ni kwamba tulimuuliza mama kuhusu kazi za duka, tukapata majibu mazuri ya duka, ila mashine ile ilikuwa na maisha mengine usiku. Swali la nani mwingine anaitumia na kwa kazi gani linapaswa kuulizwa kwa kila mashine peke yake, na kwa mtumiaji mwenyewe.

Kingine ambacho hakijakaa vizuri ni paswedi. Imeandikwa kwenye daftari la mauzo, kila anayeshika daftari anaiona, na ndiyo hiyohiyo inayoruhusu kuweka programu. Tulimshauri mama awe na akaunti yake ya usimamizi na wadada wawe na ya kawaida, akasema siku akiwa hayupo na kitu kikitaka paswedi duka litasimama. Ana hoja. Kwa sasa tumekubaliana apdeti zifanywe jioni ya Jumapili naye akiwepo, na Mint 22 itapata apdeti mpaka 2029 kwahiyo hakuna haraka ya kubadili toleo. Wadada wamefunguliwa akaunti zao, ila ya mama bado inatumika mchana kwenye mashine ya mapokezi, na hilo tunaendelea kuzungumza naye.

Mashine ya harusi itabaki ilivyo mpaka templeti ziwe zimehamishwa moja moja. Dada mgeni ameanza kuzichora upya kwenye Inkscape, programu ya kuchora ya Linux, siku ambazo wateja ni wachache, na kadi mbili za sendoff zimeshatoka huko na wenye shughuli wamezipokea.